Jina la mutoto wa kwanza

Rehema alikuwa akienda Kenya, mtaa mmoja wa jijini mwao, kununua nyuzi za kushonea, na hakukusudia kusikiliza. Lakini mjane aliyeketi mbele yake kwenye basi hakuwa mtu wa kunong'ona. Alimsogezea simu jirani yake wa kiti, mzee wa miwani asiyemfahamu.

"Papa, unisaidie. Namna ya zamani ya kuingia mu konti ya pansioni ya marehemu bwana yangu bameifunga. Hii mupya inaomba siri: jina ya mutoto wangu wa kwanza."

"Ni ya kukulinda, mama. Andika tu."

"Numbi? Miaka makumi tatu avenue yote, bajirani bote, bananiita Mama Numbi. Hata muuza makala ya kupikia anajua hiyo siri!"

Rehema aliuma mdomo asicheke. Mzee alikuna kidevu. "Basi andika jina yenye bantu habajui."

Mjane alishusha simu mapajani. "Iko moja. Mbele ya kuzala Numbi kulikuwa mwengine, hakumaliza juma. Jina yake tulijua bawili, miye na marehemu."

"Njo hiyo, mama. Andika hiyo."

"Miaka yote sijaitamka, leo niipe mashini?"

"Na pansioni?"

Rehema aligeuzia uso dirishani, maana kuna mambo hata mdaku huyaona aibu kuyasikia. Basi likasimama. Nje, muuza makaa alipaza sauti: "Mama Numbi, umefika?"

Mjane aliitika, kama alivyoitika siku zote, akashuka na simu mkononi, nafasi ya jina ikiwa bado tupu.