Kemuma Masese, Aliyekataa Kupekuliwa Langoni

Leo, tarehe 9 Novemba 1969, tumefika hapa Homa Bay kumsindikiza dada yetu Kemuma Masese, mke wa Bwana Machuki.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Macalder, ambako baba yetu, mzee Masese, alikuwa ametoka Kisii kufuata kazi ya mgodi. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Baba alipovunjika mguu kazini, karo ikakosekana, masomo yake yakaishia hapo.

Mwaka 1951 aliolewa na Machuki, fundi cherehani, wakahamia Homa Bay. Walijaliwa watoto watatu. Mmoja alitangulia akiwa mchanga.

Mwaka 1960 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba. Kila jioni, askari wa lango, wote wanaume, waliwapapasa wanawake wakidai wanatafuta pamba iliyoibwa. Agosti 1964, jirani yake Marcella, aliyefanya kazi naye kiwandani, alirudi nyumbani akilia, gauni limechanika kifuani. Jioni iliyofuata, Kemuma alisimama langoni.

"Kikapu nitakufungulia, leso nitaikung'uta," alimwambia askari. "Mwilini hunigusi."

"Basi hutoki."

"Nitakaa."

Akaketi chini. Wanawake wengine wakaketi naye. Meneja akaja. "Mama, kwani umeficha nini?"

"Sijaficha kitu. Lete mwanamke mwenzangu anipekue, nitakubali."

Jibu lilikuwa rungu la askari. Alivunjwa mfupa wa bega, na akafutwa kazi akiwa bado hospitalini. Wenzake waligoma, lakini njaa iliwarudisha kazini kabla ya wiki kwisha. Sisi ndugu zake tulikasirika. Yeye hakukasirika. "Wana watoto," alisema.

Mwaka uliofuata kiwanda kilimwajiri mwanamke, Gesare, kupekua wanawake. Marcella alikuja mbio kumpa habari: "Kemuma, tumempata wetu! Ila mikono yake, wee, baridi kama samaki!" Marehemu alicheka huku ameshikilia bega, maana lilikuwa bado linauma. Aliomba arudishwe kazini mara mbili. Alikataliwa mara zote mbili.

Vumbi la pamba lilikuwa limeshaingia kifuani. Alianza kukohoa kiwandani, na tangu mwaka 1967 hakuweza kupanda hata kilima cha kanisani; waumini wa Sabato walikuja kusali naye nyumbani. Mwezi uliopita alianza kutema damu. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 5 Novemba, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Machuki. Watoto, Mochama na Nyanchoka. Mama mzazi, na sisi ndugu zake wanne.

Wanawake wa kiwandani waliomba ruhusa ya kuja kumzika. Meneja aliwanyima. Wamekuja hivyo hivyo; ndio wale waliosimama karibu na kaburi, vumbi jeupe bado liko kwenye leso zao.

Dada Kemuma, pumzika sasa kwa amani.