Nyumba Isiyotoa Moshi

ZÉLIE: Haloo, nani mwenzangu?

GASPARD: Ni mimi, dada. Gaspard.

ZÉLIE: Gaspard yupi?

GASPARD: Dada Zélie, jamani. Gaspard wa shangazi yako Philomène. Niko Lyon.

ZÉLIE: Ahaa. Mimi nilidhani ulishakufa. Huku tulishakusamehe, tukasema apumzike.

GASPARD: Haya, nimestahili. Shikamoo basi.

ZÉLIE: Marahaba. Watoto hawajambo?

GASPARD: Hawajambo. Sikiliza, dada, nina haraka kidogo—

ZÉLIE: Lini ulikosa haraka wewe.

GASPARD: Nimesikia theluji imeangusha nguzo ya umeme kule juu, Les Serres.

ZÉLIE: Imeangusha, Jumatatu. Sisi wa huku chini kijijini umeme tunao, wa juu ndio hawana. Na barabara ya kupanda imezibwa tangu siku hiyohiyo.

GASPARD: Ndiyo hilo. Sasa lile bomba la maji la jikoni, linalopita ukuta wa kaskazini. Maji yakiganda mle ndani litapasuka, na Jumamosi—

ZÉLIE: Jumamosi kuna nini?

GASPARD: Kuna watu wanakuja kuitazama nyumba.

ZÉLIE: Kuitazama. Kwani nyumba ni dubu wa sarakasi?

GASPARD: Kuinunua, dada. Basi, nimesema.

ZÉLIE: Na mwenye nyumba anajua?

GASPARD: Nitaongea na mama. Ni watu wazuri, mume na mke. Wanaipenda sana milima.

ZÉLIE: Wanaipenda Agosti, kukiwa na joto. Kama wale walionunua kwa marehemu Barthélemy, wakaenda kwa meya kushtaki kengele za ng'ombe, eti zinawakatisha usingizi. Hawa wako watashtaki nini? Theluji, kwa kuwa nyeupe?

GASPARD: Dada, mama ana miaka themanini na tisa. Nimempatia mahali pazuri bondeni. Pana wauguzi, pana bustani, pana lifti—

ZÉLIE: Lifti ya kumpeleka wapi?

GASPARD: ...(mkwaruzo)... haloo? Unakatika.

ZÉLIE: Sikatiki. Nimenyamaza.

GASPARD: Nakuomba mumeo apande, alitazame hilo bomba. Hata dakika tano.

ZÉLIE: Félicien ana goti bovu, na theluji iko kiunoni. Kwani wewe umempigia?

GASPARD: Félicien?

ZÉLIE: Mama yako, bwana. Si anakaa mle ndani? Au naye ni bomba?

GASPARD: Nimempigia. Hapokei. Ile simu yake ya mezani bila umeme haiiti, nadhani.

ZÉLIE: Unadhani.

GASPARD: Wewe umemwona lini?

ZÉLIE: Unaniuliza mimi? Zamani nisingeulizwa. Ningesogeza pazia la jikoni nikautazama moshi. Ukitoka, Philomène kaamka mzima. Usipotoka mpaka kengele ya kanisa inalia, mtu anabeba supu anapanda. Babu yako mwaka wa maporomoko ya theluji alifukuliwaje? Moshi wa jiko lake ulitoboa theluji, wakajua pa kuchimba. Mtu wa Les Serres hazimi jiko hata akiwa na homa. Ukaja wewe na mafundi wako, ukang'oa jiko la kuni, ukaziba dohani, njia ya moshi, kwa saruji.

GASPARD: Kubeba kuni kulikuwa kunamuua. Nikamwekea hita za umeme, vyumba vyote. Nzuri, za kisasa—

ZÉLIE: Na umeme umekatika Jumatatu.

GASPARD: Jumatatu...

ZÉLIE: Leo Alhamisi, bwana mkubwa.

GASPARD: Ngoja. Ngoja kwanza. Hana moto.

ZÉLIE: Hana.

GASPARD: Hana hata pa kuuwashia.

ZÉLIE: Ana saruji yako.

GASPARD: Lakini watu wamepanda. Lazima wamepanda, dada. Wameona hakuna moshi, wakapanda.

ZÉLIE: Hakuna moshi tangu Oktoba. Tungepanda kila siku? Mwanzoni shingo zilikuwa zinageuka zenyewe. Baadaye zikaacha. Hata yangu. Mtu akizoea kuona nyumba imekufa, haulizi tena imekufaje. Na hapo ndipo nakuchukia, Gaspard, nakwambia wazi. Umeniachisha kumtazama shangazi yangu.

GASPARD: Ita waokoaji. Waambie walete helikopta. Mimi natoka sasa hivi, nachukua gari—

ZÉLIE: Na bomba je?

GASPARD: Achana na bomba, lipasuke, na nyumba yote ianguke nalo. Mama yuko kwenye barafu peke yake, na wewe unanifanyia mzaha? Mungu wangu. Nimemuua. Dada, nimemuua mama yangu.

ZÉLIE: (kimya)

GASPARD: Zélie? Haloo? Sema kitu basi.

ZÉLIE: Keti chini. Yuko hapa.

GASPARD: Nani yuko hapo?

ZÉLIE: Mama yako. Kakaa mbele yangu, ananimenyea viazi. Jumatatu ileile hita zilipopoa alifunga mlango, akafunga ubao miguuni asizame thelujini, akashuka na mbuzi wake wawili. Alijua hakuna atakayetazama juu.

GASPARD: (analia) Yuko hapo tangu mwanzo?

ZÉLIE: Tangu haloo. Nimekuweka kwenye spika. Alipoona jina lako akanikataza kusema. Akasema, mwache, nataka kusikia atafika kwangu lini.

GASPARD: Mama...

ZÉLIE: Na umechelewa. Umepita ukuta wa kaskazini, umepita kwa wanunuzi, umepanda hadi lifti.

GASPARD: Mpe simu, dada. Nakuomba.

ZÉLIE: Anatikisa kichwa.

GASPARD: Mama, nisamehe. Niliogopa utaanguka kule juu na mimi niko mbali. Kila baridi ikianza silali. Nikaona bora nifanye kitu, nikafanya vibaya.

ZÉLIE: (mkwaruzo) ...anasema amesikia. Anasema barabara ikifunguka anarudi kwake, na Félicien atapanda na nyundo, goti au bila goti, hiyo saruji itoke. Nyumba haiuzwi. Wapigie hao watu wako.

GASPARD: Nitawapigia.

ZÉLIE: Sasa hivi, anasema. Wewe "nitafanya" zako tunazijua.

GASPARD: Sawa, sasa hivi. Ila nimsikie sauti kwanza. Neno moja tu.

ZÉLIE: (kwa mbali) Shangazi, mtoto anataka neno... Hataki. Kainuka, anakoroga supu. Macho yake mekundu, na leo hatujakata kitunguu. Usimwambie nimekuambia.

GASPARD: Si niko kwenye spika?

ZÉLIE: Basi kashasikia. Kata, chaji yangu inaisha.

GASPARD: Dada, nikishawapigia, nikipiga tena, atapokea?

ZÉLIE: Ngoja... Anasema piga. Atasikiliza kwanza utaanza na nini.

GASPARD: Haya. Haya, mama. Nawapigia.

ZÉLIE: Kata, bwana.