Neno Moja la Ngao ya Mzee Obedi

Naomba radhi kwa wasomaji wa jarida la kituo. Ukurasa huu umekuwa kimya tangu Machi, na sababu yake ni neno moja.

Tarehe 30 Juni, Mzee Obedi Chidosa, dereva wa kituo chetu cha huduma za mifugo hapa Dodoma, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Kwa desturi yetu, mstaafu hupewa ngao ya mbao iliyochongwa neno moja la sifa kwa Kiingereza. Kwa nini Kiingereza, hakuna anayekumbuka.

Kamati ya ngao, chini ya Bwana Brighton, afisa usafirishaji, ilichagua "efficient". Daktari Yudith, aliyezunguka vijijini na Mzee Obedi kuchanja mifugo, alisema neno linalomfaa ni "effective". Brighton akajibu kwamba ni yaleyale.

Si yaleyale. La kwanza humsifu mtu asiyepoteza muda wala mafuta. La pili humsifu mtu ambaye, akishaifanya kazi, kazi hiyo imefanyika. Na kituoni petu hakuna aliyepaswa kuijua tofauti hiyo kuliko Brighton mwenyewe.

Mzee Obedi hakuwahi kwenda kijiji cha Haneti na kurudi siku hiyohiyo. Akibeba chanjo ya kuku, husimama kila kaya. "Mbukwenyi!" huita, na salamu ya Kigogo ikishaanza haina haraka: watoto, ng'ombe, mvua, goti la bibi. Mguu ukiwa tayari garini, ndipo husema, "Kesho msifungulie kuku mpaka daktari apite." Mama Paulina wa Haneti alimwambia mbele yetu, "Obedi, jogoo wangu akisikia gari lako anarudi bandani mwenyewe, amechoka kungoja salamu zako ziishe." Gari hurudi siku ya tatu, likiwa na mafuta ya kunusa tu, boga kwenye kiti cha mbele, na sanduku la chanjo tupu.

Mwaka mmoja Mzee alikuwa likizo, Brighton akashika usukani. Hakusimama popote, alisalimia kwa honi. Alirudi kabla ya chakula cha mchana, mafuta yakiwa zaidi ya nusu tangi. Kuku wa Haneti walikuwa wametawanyika katika mashamba ya mtama. Daktari Yudith alimkimbiza jogoo mmoja mpaka viatu vikamvuka, akamchanja huyo. Chanjo nyingine zote zilirudi kama zilivyokwenda. Mwaka huohuo Brighton alitunukiwa ngao ya mtumishi bora. Imeandikwa "efficient", na kwa kweli haikukosewa.

Ngao hiyo Mzee Obedi anaitaka sana. Ameshapigilia msumari wake ukutani kwake Mpwapwa. Lakini alipoelezwa maana ya neno la kamati, alikataa. "Mimi nimepitwa na malori, nimepitwa na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Nikilitundika hilo, majirani watanicheka mpaka kanisani. Nipeni la kweli, au mnipe ubao mtupu."

Wakati huo Abbasi, fundi wa kuchonga, alikuwa ameshaanza kazi. Alipiga simu: "Wakubwa, herufi tatu za mwanzo tayari. Niendelee na lipi? Nina wateja wengine hapa."

Kamati ilishindwa kuelewana, ikaamua wenye kuku wa Haneti ndio waseme. Brighton aliagiza safari iwe ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Zamu ya gari ilikuwa ya Mzee Obedi.

Ninaandika haya tukiwa kaya ya tatu, na Haneti bado haijaonekana. Daktari Yudith amepewa kigoda na anamenya karanga. Brighton alishuka ili atuharakishe. Akaulizwa habari za ng'ombe wa baba yake. Ameshaanza kujibu, na sasa amefika kwa yule aliyevunjika pembe.

Mzee wetu, kwa niaba ya watumishi wote, na kuku wote walio hai, tunakushukuru. Mpwapwa ikupokee kwa afya na furaha, na usiongeze mwendo. Kuhusu neno, nitaandika uamuzi ukifikiwa. Kwanza tufike.