Mwalimu Velika na Kengele Tano

Ndugu waombolezaji, majirani wa Gorno Breste, nanyi mliopanda mlima huu wenye theluji kutoka Plovdiv na kwingineko, watoto wa marehemu, Atanas na Dobrinka, wameniomba mimi, Sevda Kehayova, niwasomee maisha ya mama yao, ingawa mimi si wa damu yao, na kwa kuwa masikio yangu mnayajua, nikipaza sauti kupita kiasi mnivumilie.

Marehemu Velika Harizanova alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa hapa kijijini, mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Atanas Chanov, mfua kengele za kondoo, na Bi Rada, mfumaji wa mablanketi. Kabla hajajua kusoma alikuwa akishinda karakanani na baba yake wakilinganisha milio, maana kundi halivishwi kengele ovyo, dume hupewa nzito na wana-kondoo ndogo, hata mchungaji akisikiliza tu anajua nani amebaki nyuma.

Alianza shule mwaka 1948, katika jengo lile pale chini ambalo paa lake sasa limebonyea, akaendelea na sekondari mjini Smolyan hadi 1959, kisha akasomea ualimu Plovdiv kwa miaka miwili, akapewa nafasi ya kubaki mjini, akaikataa, jambo lililomliza Bi Rada siku mbili na kumchekesha Mzee Atanas siku hizo hizo mbili.

Tarehe 15 Septemba 1961 aliingia kufundisha, madarasa manne katika chumba kimoja, na hakutoka humo hadi alipostaafu mwaka 1996. Tusimpambe, alikuwa mkali, na aliyemdanganya alipasua kuni za wiki nzima. Lakini alimjua kila mtoto kwa jina na kwa tabia. Ilko, seremala wetu, alipokuwa mwanafunzi hawezi hesabu za ubaoni, ni mwalimu aliyeona kwamba akishika kipande cha mbao na rula anazipata zote, akamfundishia hapo hapo kwenye mbao, na jeneza hili Ilko amelitengeneza juzi, akapima mara moja tu.

Tarehe 4 Oktoba 1964 alifunga ndoa na Stamen Harizanov, bwana misitu, aliyetutangulia mwaka 2009, wakajaliwa Atanas mwaka 1966 na Dobrinka mwaka 1969.

Hapa familia imeniruhusu niseme la kwangu. Niliingia darasa la kwanza Septemba 1973, nikitembea saa nzima kutoka malishoni, na kwa kuwa nilifika nimelowa miguu kila siku, mwalimu alinionea huruma akanikalisha nyuma, karibu na jiko la kuni, mahali walipopaonea wivu wote. Jiko lilinguruma, kuni za msonobari zikapasuka, nami sikusikia neno. Kufikia Mwaka Mpya sikujua herufi hata moja, wenzangu wakanibandika jina la Mbao, na kamati ya mjini ikaandika kwamba ifikapo Mei nipelekwe shule ya bweni ya watoto wenye akili nzito, mbali sana, ambako mtoto wa huku akienda harudi. Mama yangu aliambiwa ni kwa faida yangu, akaanza kunifumia soksi za safari, akilia.

Siku moja ya Machi kundi lilipita chini ya dirisha, darasa zima likageuka kutazama, mimi nikageuka mwisho kabisa, alipopita dume mwenye kengele nzito. Mwalimu aliacha kuandika. Kesho yake alikuja na kengele tano za baba yake, akasimama nyuma yangu akizipiga moja moja, na nilinyoosha mkono kwa mbili tu, zile kubwa. Akazunguka, akapiga magoti mbele yangu ili nimwone mdomo.

"Nimekukosea, mwanangu," aliniambia. "Nimekupa moto, nikakunyima sauti yangu."

Nikahamia mbele. Tangu siku ile alikuwa akimaliza kuandika, anageuka, anasimama penye mwanga wa dirisha, ndipo anasema, na kufikia Mei nilikuwa nasoma.

Kamati ilipokuja kunichukua, mwenyekiti alimwambia, "Ndugu mwalimu, karatasi zimeshasainiwa." Akamjibu, "Zimesainiwa kwa kosa langu. Aliyemkalisha karibu na jiko ni mimi, niandikeni mimi." Akaziweka kengele mezani, akawaonyesha, kisha nikasoma ukurasa mzima, na karatasi zikarudi mkobani. Kwamba kweli walimwandika, kwa onyo lililobaki katika jalada lake hadi anastaafu, hakuwahi kuniambia, Dobrinka amelikuta juzi kati ya karatasi zake.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2022, akalazwa Plovdiv Januari mwaka huu. Nilimtembelea tarehe 9 Februari, hakuweza tena kuinua kichwa, na muuguzi alipotaka kufunga pazia alimzuia, akaomba kitanda kigeuzwe kielekee dirishani, na alipoulizwa kwa nini, alijibu, "Sevda hanioni mdomo." Kitanda kikageuzwa, akanipa agizo moja. Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa moja asubuhi, alifariki dunia, akiwa na miaka themanini na tatu.

Familia inawashukuru madaktari, na hasa muuguzi yule aliyekisukuma kitanda peke yake, majirani mliofukua theluji tangu alfajiri, akina mama mliopika ngano tutakayoila baada ya maziko, na walimu wenzake mliokuja.

Mwalimu, nimesimama upande wa dirisha, na nimesoma polepole, kama ulivyoniagiza. Pumzika kwa amani.