Aliyekwenda Kula na Ngazi

Ijumaa hii, tarehe 30, baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne ya kazi, mkaguzi wetu wa majukwaa ya ujenzi anastaafu. Tunamwita Mzee Bado, kwa sababu ukimwuliza kama jukwaa liko tayari, hilo ndilo jibu lake. Nimeombwa niandike mimi, mwendesha kreni, eti kwa kuwa nimemtazama kutoka juu kuliko wote. Sawa, lakini msitegemee nimpambe. Mtu huyu amenikera sana.

Alianza kibarua cha kubeba mabomba, akawa fundi wa kufunga majukwaa, kisha mkaguzi. Wakaguzi wengine wakikuta kasoro hutundika kibao chekundu. Mzee Bado alisema kibao hakijawahi kumzuia mtu mwenye haraka. Yeye aling'oa ngazi ya chini na kuondoka nayo: ofisini, kantini, hata msalani, akaiegemeza mlangoni tukajua yumo. Mafundi walilalamika weee, mwisho wakazoea.

Alitufundisha kwamba anayepanda aache simu getini, kwamba kreni haimtii yeyote ila mpiga ishara, na kwamba ngazi aliyoiondoa yeye hairudishwi na mwingine. Masomo hayo tuliyashika vizuri mno.

Miaka tisa iliyopita Mkurugenzi alimleta baba mkwe wake aone jengo. Ilikuwa saa ya chakula, saiti tupu. Wakaacha simu getini, wakavaa helmeti, wakapanda jukwaa hadi usawa wa ghorofa ya nne, upande wa ukuta usio na dirisha hata moja. Huku nyuma Mzee Bado akapita, akaona wapiga plasta wamefungua mbao za juu na kuziacha hivyo. Akabeba ngazi, akaenda kula.

Kutoka kibandani kwangu juu ya kreni, nilikokuwa nikila, nilimwona Mkurugenzi akipunga mikono. Si mpiga ishara, sikumjali. Aliporukaruka nilidhani anamchekesha mkwe. Mlinzi alisikia kelele, akakimbilia ngazi nyingine, akakumbuka mafunzo, akaiacha. Akaenda kusimama nje ya kantini, kwa adabu zote, mpaka Mzee Bado amalize kula. Na yule mzee hutafuna taratibu!

Huko juu, baba mkwe aliposhikwa na haja, alitafuta pa kujisitiri, akakanyaga ubao. Ubao ukainuka upande wa pili. Mkurugenzi alimdaka koti, wakakaa chini wote wawili wamekumbatia bomba.

Jamani, aibu mbele ya mkwe si mchezo. Waliposhushwa, Mkurugenzi alimpa Mzee Bado sharti: aandike barua ya kuomba radhi na kuahidi kutogusa ngazi tena, la sivyo hana kazi. Alikuwa na watoto wanne shuleni. Tulimsihi aandike tu yaishe. Akaandika, na katibu muhtasi akatunong'oneza yaliyomo: alikiri kosa la kutotazama kama kuna watu juu, akamwomba radhi mzee wa watu. Kuhusu ngazi, aliandika kwamba mbao zikifunguliwa ataiondoa tena, hata kesho.

Tukajua kwisha habari yake. Asubuhi tulimkuta getini na mfuko wake wa vifaa, hajui aingie au arudi nyumbani. Mkurugenzi akafika, akamwambia wapande pamoja amwonyeshe ule ubao. Walikaa huko saa nzima. Aliposhuka, Mkurugenzi aliidhinisha mbao na vibano vipya ambavyo mzee alikuwa ameviomba kwa miaka mitatu.

Tangu awe mkaguzi, hatujawahi kumpelekea mke wa mtu helmeti ya mumewe. Kila jioni nawaona kutoka juu mkishuka, mnataniana, mnagombania bomba la maji, mnakwenda kwenu. Sijawahi kumwambia, lakini nampenda sana mzee huyu.

Mzee wetu, asante. Nenda kafurahie nyumba yako na mama watoto, afya iwe nawe. Ukituita mmoja mmoja, wote tupo.