Jaruba Lisilo na Matusi

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto wa mboga kidogo, sogezeni kigoda karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Michenga. Mama Wilhelmina. Kafariki Jumanne, kazikwa Alhamisi, na watu wametoka makaburini machozi yanawatoka huku wanacheka. Msiba gani huo watu wanacheka? Subiri, utaelewa.

Alizaliwa upande wa Mahenge, akaolewa bondeni, akalima mpunga mpaka mwisho. Mumewe alitangulia zamani. Na kwa miaka ishirini na mbili, ishirini na mbili, wasikilizaji, ndiye aliyefua vitambaa vya altare vya kigango, kanisa letu dogo la Michenga. Sabuni yake, maji yake, mikono yake.

Sasa kufua kwenyewe si kama kufua khanga. Vile vitambaa padre anafutia kalisi, kikombe chenye Damu ya Kristu. Kwa hiyo maji ya kwanza hayamwagwi ovyo. Hayaendi mtaroni, hayaendi njiani watu wakakanyaga. Yanamwagwa ardhini, mahali safi, kwa heshima. Mama Wilhelmina alichimba kishimo nyuma ya nyumba, akakizungushia mawe. Kuku akikisogelea tu, ndala inamfuata.

Basi ikaja mvua ile ya mwaka juzi. Nani hakumbuki? Mto ulipanda, ukalala mashambani, ukala mpunga wote. Mwaka uliofuata nyumba nyingi hazikuwa na mbegu. Kwa Mama Wilhelmina ilibaki debe moja. Debe moja la mbegu, kwa nyumba ya watu sita. Ikiharibika hiyo, mwaka mzima ni kuhemea kwa watu.

Mwanawe Beatus alikuwa ameoa binti wa Chita, anaitwa Levina. Bibi harusi mpya, mchapakazi, anataka mama mkwe amwone. Jumamosi moja Mama Wilhelmina kaloweka vitambaa, kavikamua, kavianika. Kabla hajamwaga yale maji akaitwa kwa jirani, mgonjwa kazidiwa. Akaweka beseni kivulini, akafunika na ungo, akaenda.

Levina akatoka ndani. Kisima kiko mbali, jua kali. Akafunua: maji meupe, safi kabisa. Akasema moyoni, Mungu ni mwema. Akamimina debe zima la mbegu humo, iloweke, iote upesi kwenye kitalu.

Mama Wilhelmina akarudi.

"Levina mwanangu, maji yaliyokuwa hapa?"

"Yapo mama, nimelowekea mbegu."

Loo! Levina mwenyewe ndiye kasimulia pale makaburini, watu wakacheka na machozi yao: "Nilimwona mama anakaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka mgongoni. Nikajua leo narudi Chita kwa miguu."

Hakumfokea. Alimweleza tu yale maji ni nini. Levina akashika beseni, hajui amwage au aache. Maana pale ndipo penye kasheshe, wasikilizaji. Mbegu ikitupwa, ni njaa. Ikipandwa, je, si kumchezea Mungu? Mpunga uliolowekwa kwenye maji ya altare, utapika ubwabwa, ubaki ukoko, umpe mbwa?

Shemeji wa Mama Wilhelmina, mzee Donati, mdogo wa marehemu mumewe, akasema pandeni, Mungu hana njaa. Donati huyo, mnamjua, ndiye bingwa wa matusi kuanzia Michenga mpaka Ifakara mjini. Mama Wilhelmina akamwambia, "Wewe shemeji nyamaza, mdomo wako wenyewe unahitaji kulowekwa."

Akabebwa kwenye baiskeli ya Beatus mpaka parokiani. Padre Kelestini akasikiliza, akajikuna kidevu, akajizuia kucheka.

"Mama, yale maji ulikuwa unayapeleka wapi?"

"Ardhini, Baba."

"Na mbegu inakwenda wapi?"

Mama Wilhelmina akatazama vumbi la ndala zake. Halafu akasema, "Ardhini, Baba."

"Basi nenda kapande. Ila uiheshimu."

Neno la padre lilikuwa moja tu: iheshimu. Lakini kwa Mama Wilhelmina ikawa sheria nzima! Miche ile akaitengea jaruba lake, kipande cha shamba chenye tuta pande zote. Majaruba mengine akapanda mbegu kidogo aliyogawiwa baadaye na jirani aliyebahatika kubakiza. Akatangaza: humu ndani hakuna tusi, hakuna umbea, hakuna kuapa jina la Mungu bure, hakuna kutema mate. Watu wakacheka, lakini wakafuata. Wanapalilia wanateta kwenye majaruba ya pembeni, wakifika pale midomo inafungwa, mara mtu anaanzisha wimbo wa kanisani.

Sasa ndege. Kweleakwelea walikuja kama moshi. Kwenye dungu, kile kichanja cha kuamia ndege, kapangwa mzee Donati, na dungu liko katikati ya jaruba lile lile! Levina anasema alimwona kwa macho yake. Ndege wakitua, mzee anateremka mbio, anaruka tuta, anasimama kwenye jaruba la pili, halafu ndipo anafungua mdomo: "Wana wa laana nyie! Midomo kama misumari! Hata bibi yenu alikuwa mwizi!" Akimaliza, anafuta jasho, anavuka tuta, anapanda dunguni mpole kama katekista. Siku moja alivuka mara kumi na nne.

Mama Wilhelmina alimtazama wiki nzima. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha, anasema Levina, siku ile ya mara kumi na nne akaacha kucheka ghafla. Akakaa juu ya tuta.

"Levina, hebu niambie. Huku anaogopa Mungu, kule haogopi. Mungu kaishia kwenye tuta hili?"

"Sijui, mama."

"Na mimi? Miaka yote hii nalinda kishimo kwa ndala, halafu nikitoka pale nawasema watu kisimani. Mimi nina tofauti gani na Donati?"

Mwezi wa sita wakavuna. Mpunga ulikubali, wasikilizaji, majaruba yote yalikubali. Wakapura, wakaweka marundo mawili juu ya turubai: la Mungu huku, la nyumbani kule. Watu wakasubiri la Mungu lipelekwe wapi. Parokiani? Kwa wagonjwa?

Mama Wilhelmina akashika koleo. "Levina, changanya."

"Mama! Tutajuaje upi ni upi?"

"Hatutajua. Ndiyo maana nasema changanya. Kuanzia leo wote tunaula kwa heshima ile ile."

Levina akachanganya. Watu wakapiga vigelegele. Mzee Donati akasimama pembeni, kashika kiuno, anageuka huku na huku anatafuta tuta.

"Sasa shemeji," akalalamika, "mimi nitatukania wapi?"

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Beatus na Levina, wajukuu, mzee Donati, na kigango chote cha Michenga. Vitambaa vya altare sasa anafua Levina. Bwana ampe mama yetu pumziko la milele. Na wewe unayesikiliza, jiulize leo, kabla hujazima redio: wewe tuta lako umelijenga wapi?