Nilichomwambia Mama Yenu Kuhusu Maganda ya Machungwa

Eunike, zima redio. Manase, sogeza kiti, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na haya nataka myasikie kwangu, wanangu, mkiwa pamoja.

Nyumba hii ya Sokon I ni ya Eunike, shamba la Usa River ni la Manase, na hati ziko kabatini kwa majina yenu. Hayo ni mepesi. Lililo zito ni la marehemu mama yenu, Evaresta.

Mnakumbuka mama yenu mdogo Anande alivyokuwa akimletea dada yake maganda ya machungwa kutoka kwa wauza juisi wa Ngaramtoni, na mama yenu akiyaosha, akiyaanika juu ya bati la jiko, akiyasaga na kuyatia kwenye chai. Siku moja alinipa kikombe, nikakunja uso, akacheka: "Baba Manase, kitu kichungu hivi lazima kina faida!" Nikamjibu kama mwalimu wa kemia niliyekuwa: ni kweli, ganda lina kemikali iitwayo hesperidini nyingi kuliko juisi yenyewe, na zipo dalili kwamba inasaidia mishipa ya damu. Alifurahi mno, nikaishia hapo. Darasani nisingeishia hapo. Ningesema kwamba majaribio ni madogo, matokeo yanapishana, na hakuna hata moja lililomruhusu mgonjwa wa presha kuacha vidonge. Sikusema, kwa kuwa nilipenda kumwona amefurahi.

Alipofariki mlikuta vidonge vyake vya presha vya miezi minne kwenye droo ya cherehani, havijafunguliwa. Wewe Manase ukasema mbele ya waombolezaji, "Mama mdogo, maganda yako ndiyo yamemuua." Anande akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka, na mwaka wa tatu huu hajakanyaga hapa. Mimi nilikuwa nimeketi palepale. Nikatazama chini. Yeye alileta maganda tu. Aliyemfanya mama yenu ayaamini kama dawa ni mimi.

Chai yenyewe msiiache, ni nzuri, na mama yenu aliipenda. Yaosheni maganda sana, maana machungwa hupigwa dawa shambani. Lakini Eunike, atakayekuuliza kama inatibu, mwambie habari yote mpaka mwisho, hata akinuna.

Nipe maji kidogo... Inatosha.

Manase, mpigie mama yako mdogo. Usimwambie nimemsamehe, hana alichonikosea. Mwambie ninamwomba msamaha. Akinikuta, nitasema mwenyewe. Asiponikuta, utasema wewe, siku ya mazishi, mbele ya watu walewale, kwa sauti ileile uliyotumia siku ile. Kisha umkalishe pamoja na wafiwa, mstari wa mbele.

Usilie, mwanangu. Ulisema kwa uchungu. Mimi nilinyamaza kwa hofu.

Mungu awape... awape nyumba isiyokosa watu. Awatunze.

Piga sasa. Weka sauti juu, na mimi nisikie akipokea.